Betri Zilizofika Zimejaa

Shemeji yangu ni fundi baiskeli, na hana mazoea ya kutengeneza baiskeli akaiegemeza ukutani kumsubiri mwenyewe. Akishakaza nati ya mwisho na kufuta mikono kwa kitambaa chake cheusi, huipanda, akazunguka nayo mtaa: anapita nyuma ya ghala la saruji, anashuka kwa mshona viatu, anakata kona kwenye duka la dawa, anarudi. Raundi moja. Mteja awe na haraka ya namna gani, atasubiri. Ndiyo maana watoto wa shule wanamwita Fundi Raundi, na sisi wa nyumbani tumebaki na Raundi tu. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, naye humwita hivyo hivyo, isipokuwa akikasirika. Hapo humwita "wewe."

Siku moja mteja alimjia juu. "Fundi, mimi nimeleta pancha tu. Unazunguka nayo ya nini?"

"Wewe umeleta pancha," Raundi akamjibu, mguu umeshavuka kiti. "Mimi narudisha baiskeli."

Jambo la pili asilolivumilia ni tairi bapa. Baiskeli ikitoka kwake, hata kama ilikuja kwa ajili ya kengele, itatoka na upepo kamili. Amewahi kumkimbilia mteja barabarani, pampu mkononi, kwa sababu ametazama tairi la nyuma kwa mbali akaliona limelala kidogo. Kwake yeye, kumkabidhi mtu chombo kisicho tayari ni kumtukana.

Naeleza tabia hizi mbili mapema kwa sababu zote mbili zilikwenda naye hadi bandari kavu, na moja ilimponza.

Yalianzia kwenye goti la dada. Dada ni muuguzi wa majumbani. Kliniki yake iko bondeni, lakini wagonjwa wake wako mlimani, kupita tangi la maji: akina mama waliojifungua karibuni, wazee wasioweza kushuka, bwana mmoja mwenye kidonda kisichotaka kufunga. Kwa miaka mingi alipanda kwao na baiskeli nyeusi ambayo Raundi aliiunga kutoka kwenye mabaki ya baiskeli tatu. Kisha goti la kulia likaanza kuvimba. Daktari akamwambia kutembea atembee, lakini kupiga pedeli mlimani basi. Msimamizi wake akampa muda mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Kama asingepata namna ya kufika kwa wagonjwa, eneo la mlimani lingepewa muuguzi mwingine, na yeye angehamia chumba cha kumbukumbu.

"Nikafungiwe na mafaili?" dada alisema mezani, kijiko kimesimama hewani. "Faili halikwambii asante. Faili halikuoneshi mtoto."

Raundi alisukuma sahani pembeni. Alikuwa anatazama goti lile kama anavyotazama gurudumu lililopinda.

Baiskeli ya umeme alikuwa ameiona kwenye simu ya mteja. Hamu ya kuijua ikamnyima usingizi. Yeye ni mtu wa kufungua vitu: redio yangu aliifungua ikiwa nzima, kwa sababu tu alitaka kuona sauti inatokea wapi. Alimtafuta wakala wa forodha, mtu mcheshi mwenye simu mbili, akaagiza baiskeli sita kiwandani, mbali huko. Nne zilikuwa za wateja waliokuwa wakizisubiri. Ya tano ilikuwa na keria ndefu yenye mto wa kukalia, ya kazi za duka. Ya sita ilikuwa na fremu ya chini, ambayo mtu huipanda bila kuinua mguu. Hiyo hakuwa na haja ya kutueleza ni ya nani.

Mzigo ulipofika bandari kavu, mji wa jirani, alinichukua mimi twende pamoja. Raundi ana mazoea ya kusaini kwanza na kusoma baadaye, na dada aliniambia nikae upande wa kalamu.

Mkaguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mfupi, koti lake la kung'aa limempita magoti, penseli sikioni. Alizungumza taratibu, na kila alipouliza swali alisubiri jibu kwa kweli, jambo ambalo sijalizoea kwa watu wa ofisi. Maboksi sita yalipangwa sakafuni kwenye banda la wazi. Alianza na karatasi: cheti kinachoonesha kwamba betri za aina ile zilijaribiwa kwa kudondoshwa, kutikiswa na kutiwa joto. Kilikuwepo. Kisha akatoa chaja ya kwanza, akaigeuza, akasoma kibandiko chake, akasoma na cha betri.

Raundi alikuwa amechuchumaa karibu naye kiasi cha kumzuia mwanga.

"Samahani mama, unalinganisha nini?"

"Kwamba hii ni chaja ya hii."

"Mradi kichwa kinaingia kwenye tundu, si basi?"

"Kichwa kinaweza kuingia na bado visipatane. Chaja yenye nguvu kupita betri inailisha kwa lazima. Inapata moto."

Raundi akafikiri. "Kama kujaza tyubu ya baiskeli kwa kompresa ya malori."

"Sijui. Inakuwaje?"

"Inakupasukia usoni."

"Basi ndivyo hivyo," mkaguzi akasema, akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Umewahi?"

"Mara moja. Nyusi hii ilichukua muda kurudi."

Wakala akacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mkaguzi akabonyeza kitufe kidogo kwenye betri ya kwanza, na taa nne za kijani zikawaka kwa mstari. Akaenda kwenye boksi la pili, akabonyeza: nne. La tatu: nne. Alifika la sita akiwa ameshatoa penseli sikioni.

"Hizi zimejaa zote," akasema.

"Si ndiyo vizuri?" wakala akasema. "Zimefika na afya."

"Kiwanda hakitumi hivi. Kanuni ya kusafirisha inataka betri iwe na chaji kidogo, theluthi hivi, isizidi. Nimekagua nyingi, sijaona mzigo mzima uliojaa. Nataka kujua tu, nani aliyesema zijazwe?"

Raundi akainua mkono kama mwanafunzi. Tena aliuinua kwa fahari.

"Mimi, mama. Niliwaandikia. Wao walitaka kuzituma nusu nusu, nikakataa. Mteja wangu hapokei chombo kilicholala."

"Alinisumbua wiki nzima," wakala akaongeza upesi, akijitenga naye hatua moja. "Ujumbe juu ya ujumbe. 'Waambie zijae. Waambie zijae.' Nikawaambia."

Mkaguzi hakupandisha sauti. Alikaa juu ya boksi, akamweleza Raundi kwamba betri iliyojaa imebeba nguvu zake zote. Ikigongwa, ikitobolewa, au ikikaa kwenye joto sana, nguvu hizo hutafuta pa kutokea, na zikitoka ni moto, tena moto ambao ndoo moja ya maji haiuwezi. Ikiwa na chaji kidogo inakuwa na utulivu. Ndani ya kontena, au juu ya lori kwenye jua, hakuna jicho linaloitazama.

Nilimwona shemeji akinywea. Mikono yake, ambayo haijui kukaa bure, ilikuwa inasugua kibandiko cha boksi.

"Baiskeli ikisafiri juu ya lori," akasema mwishowe, polepole, "mimi mwenyewe huipunguza upepo. Jua likilipiga tairi lililojaa, tyubu inapasuka. Hata mjinga anajua."

"Sasa hizi ulizijaza kwa nini?" Mkaguzi hakuwa anamsuta. Alitaka kujua.

"Kwa sababu hizi niliziona kama zimeshafika." Akaacha kusugua kibandiko. "Kichwani mwangu nilikuwa namkabidhi mtu. Sikufikiria njia."

Foklifti ya kuinulia mizigo ilipita nje, ikilia ile honi yake ya kurudi nyuma.

Mkaguzi akasema baiskeli zile hazipandi lori kwenda popote zikiwa hivyo. Kulikuwa na njia mbili. Moja ni mzigo kurudishwa ulikotoka. Ya pili ni chaji kupunguzwa pale pale, chini ya macho yake, na kila betri kupimwa joto ikiwa kazini. Lakini kifaa cha kupunguzia chaji kilikuwa kituo kingine, na hakikujulikana kingerudi lini.

"Zirudi tu," wakala akasema. "Miezi michache si kitu, zitakuja tena."

Miezi michache. Mwisho wa mwezi ule ule dada angekabidhi eneo lake. Raundi hakumtazama wakala hata kidogo.

"Mama," akasema, "mota ikifanya kazi, si inakula chaji?"

"Inakula."

"Basi niziendeshe."

Wakala alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu bwana! Ameletwa ofisi ya serikali, anaomba kuendesha baiskeli!"

Mkaguzi yeye hakucheka. Alisimama, akaenda kutazama uwanja wa nyuma ya banda: sakafu ya zege, ukuta pande zote, hakuna gari. Akampigia simu mkubwa wake, akazungumza naye kwa muda, akirudia maneno "ndiyo, yeye mwenyewe" mara kadhaa. Aliporudi alikuwa na masharti. Baiskeli moja kwa wakati. Betri nyingine zikae mbalimbali, kivulini. Mchanga na kizima moto viwe karibu. Na kila anapomaliza mzunguko asimame apimwe, bila ubishi.

"Kila raundi?" Raundi akauliza.

"Kila raundi."

Sijawahi kuona mtu akipokea adhabu kwa furaha kama ile.

Alipanda ya kwanza, akakanyaga pedeli, na baiskeli ikaondoka. Alipiga ukelele. "Ananisukuma mgongoni! Nani ananisukuma?" Dereva wa foklifti akazima injini ili atazame. Raundi alikata kona ya kwanza akiwa amekaa wima kama mtu aliyeambiwa apigwe picha, akashika breki, mota ikakata papo hapo.

"Imezimika!"

"Haijazimika," mkaguzi akamwambia kutoka kivulini. "Ukigusa breki, mota lazima iache. Hiyo ni kanuni."

"Kumbe na yenyewe inaogopa breki!" Akaondoka tena. Safari hii alikanyaga kwa bidii mpaka akahisi msukumo unaisha. "Na sasa? Imechoka?"

"Imefika mwisho wa mwendo wake. Inayosukuma kupita hapo inahesabiwa pikipiki, na mambo yake ni mengine."

"Na anayetaka mbio zaidi?"

"Apige miguu yake mwenyewe."

Jibu hilo lilimpendeza sana. Aliliweka, nikamsikia siku nyingi baadaye akimpa mteja kama lake.

Walifanya hivyo siku ile na siku zilizofuata. Sisi tulilala nyumba ya wageni karibu na lango, na kila asubuhi tulimkuta mkaguzi ameshapanga ndoo zake za mchanga. Anapofika, Raundi anasimama, mama anaelekeza kile kipima joto chake chenye umbo la bastola kwenye betri, anaandika, Raundi anaondoka. Katikati waliulizana maswali. Raundi alitaka kujua kwa nini tundu la kuchajia lina kifuniko cha mpira. Mkaguzi alitaka kujua kwa nini Raundi hufumba macho kila akipita kwenye ukuta wa mwisho.

"Ukutani sauti inarudi. Nasikiliza spoki. Hii ya leo ina spoki moja imelegea, nyuma."

"Hilo halimo kwenye karatasi zangu."

"Limo kwenye masikio yangu."

Mama akainama, akaminya spoki moja moja mpaka akaikuta. Akaicheka, akaiandika.

Taa zilishuka, nne hadi tatu, mbili, moja. Tano zilipita salama. Ya fremu ya chini Raundi aliiacha mwisho, kama mtoto anavyoacha kipande kizuri pembeni ya sahani. Kabla ya kuipanda alifuta kiti kwa kiganja.

Raundi za mwanzo hazikuwa na neno. Kisha mkaguzi akapima, akatazama namba, akapima tena upande wa pili. "Simama kidogo." Betri ilikuwa na joto kwenye kona moja tu, ya chini, kulia. Akaiacha ipoe, akamruhusu tena. Joto la kona ile ile likapanda kuliko mwanzo.

"Hii haitoki," akasema.

Raundi alishuka. "Ni joto dogo tu, mama. Goti la mke wangu lina joto kuliko hili."

Hapo ndipo alipomweleza yote: goti, mlima, wagonjwa, chumba cha mafaili. Alieleza vibaya, akirukaruka, na mimi nikamsaidia kupanga. Wakala, ambaye siku hiyo alikuwepo, alimwambia mkaguzi kwamba tano zimepita na hii moja ni ya muuguzi, si ya biashara, na kwamba hata sheria ina huruma.

Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Raundi.

"Akishatoka kazini, ataichajia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sebuleni. Pale mlangoni ndipo penye soketi."

"Mna mlango mwingine?"

Raundi akageuka. Alitazama betri, akatazama ukuta wa mwisho wa uwanja, na nilijua anatazama nini: sebule yao, kiti kilichochanika, na ule mlango mmoja. Chumba wanacholala hakina njia isipokuwa kupitia hapo.

Akachomoa ufunguo kwenye betri, akautia kwenye kiganja cha mkaguzi, akakikunja kiganja kwa mkono wake mwenyewe.

"Isitoke," akasema.

Baiskeli yenyewe iliruhusiwa, bila betri. Nyingine ingeagizwa, na ingechukua muda wake. Wakati wa kupakia, wakala alimvuta Raundi pembeni, lakini hajui kunong'ona, nami nikasikia. "Una betri nyingine tano. Ukifika kwako, funga moja kwa utepe, unganisha nyaya, nani atajua? Wewe si fundi?"

Raundi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hilo lilinitia wasiwasi njia nzima.

Kesho yake asubuhi nilimkuta dukani amekaa sakafuni mbele ya fremu ya chini. Mapajani alikuwa na betri ya ile baiskeli ya keria ndefu. Ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake na haikufika kwenye kufuli. Pembeni yake kulikuwa na utepe mweusi na nyaya zilizomenywa ncha. Hakuwa ameunganisha kitu. Alikuwa anaitazama tu.

Dada akaingia, amevaa sare yake ya kazi, mkoba wa dawa begani.

"Hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo. Ila haina moyo."

"Na utepe wa nini?"

Raundi akauokota, akauzungusha kidoleni. "Wa kufungia maboksi," akasema, akautupa kwenye droo. Akasimama, akairudisha betri ile kwenye baiskeli yake, kufuli likalia tak. Kisha akapiga magoti nyuma ya keria ndefu, akasoma kibandiko kilichokuwa chini ya mto wa kukalia. Alikisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mtu yule aliyekuwa akisaini bila kusoma.

"Una kilo ngapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Unaniuliza nini, wewe?"

"Imeandikwa mzigo usipite hapa. Mimi, wewe na mkoba."

"Kaka, unamsikia mume wangu?" dada akanigeukia. "Asubuhi hii, mbele za watu!"

"Shemeji, usiingilie," Raundi akasema.

Tukaenda ghala la saruji, kwenye mizani. Dada alikataa kupanda peke yake, akapanda naye, mkoba mkononi, na akaniamuru nisome jumla tu. Ilipita kidogo. Dada akakunja uso. Raundi akafikiri, akaanza kutoa spana mifukoni: moja, nyingine, ufunguo wa pedeli, nyundo ndogo, hata mnyororo mzima uliokuwa mfuko wa nyuma. Mlinzi wa ghala alishika mbavu. Mshale ukarudi ndani ya kiwango.

"Ulikuwa wewe!" dada akasema. "Miaka yote hii unaniambia mkate nipunguze!"

Raundi aliipanda kwanza peke yake.

"Wewe! Nina wagonjwa wananisubiri!"

"Raundi moja tu."

Aliporudi, dada akakaa kwenye mto, akamshika kiuno, nao wakapanda mlima. Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi mpaka mwezi ukaisha na mwingine ukaanza. Duka lilifunguliwa mchana. Yeye alisubiri nje ya kila nyumba, akikaza chochote alichokiona kimelegea: mlango, kitanda cha mtoto, gurudumu la kiti cha yule bwana wa kidonda. Msimamizi alipanda siku moja kuhakikisha kama nyumba zote zinafikiwa, akazikuta zimefikiwa, akashuka. Mlima ukabaki kwa dada.

Betri mpya ilipokuja nilikuwepo. Raundi aliitoa kwenye boksi, akabonyeza kitufe, ikawaka taa moja. Aliitazama taa ile moja kama mtu aliyepokea salamu. Akaichajia dukani mchana, mlango wazi, ndoo ya mchanga karibu, chaja yake yenyewe, yeye amekaa pembeni na kiti chake, haendi popote.

Ilipokuwa tayari akaifunga, akafuta mikono, akavusha mguu. Dada akashika usukani.

"Leo hapana," akasema. "Shuka. Hii raundi ni yangu."

Nilidhani atabisha. Alishuka. Alimpa njia, akasimama mlangoni, kitambaa kimemning'inia mkononi, akafumba macho ili asikie vizuri. Dada alipita nyuma ya ghala, akashuka kwa mshona viatu, akafika kwenye duka la dawa.

Hakukata kona. Tulisikia mota ikipanda sauti kidogo, naye akanyoosha moja kwa moja kuelekea tangi la maji.

"Spoki zinasemaje?" nikamuuliza Raundi.

"Nyamaza," akasema. "Bado nasikiliza."